Ufundi wa Kicheko Kichungu: Utani na Kejeli Tarime na Serengeti

Kejeli ni ufundi wa kumwambia mtu jambo zito kwa namna ambayo, akikasirika, yeye ndiye ataonekana mkosaji. Kicheko kichungu ni ndugu yake wa karibu: ni mzaha juu ya mambo ambayo kwa kawaida hayachekwi, kama kifo, njaa, wizi na dhuluma. Fani hizi mbili hustawi zaidi pale ambapo watu wana mengi ya kusema na njia chache salama za kuyasema. Wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ni mahali pa namna hiyo. Tarime imepakana na Kenya, na Wakurya wa upande huu wana ndugu wa koo zilezile upande wa pili, katika kaunti ya Migori. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, ni nyumbani kwa Wakurya, Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye, nayo imegusana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliyotangazwa mwaka 1951. Mifugo, dhahabu, wanyamapori na mpaka wa kimataifa vimebanana katika eneo moja. Kila kimoja kimeleta riziki, kila kimoja kimeleta misiba, na kila kimoja kina mizaha yake.

Jambo la kwanza katika ufundi huu ni kibali. Maneno yaleyale yanayomfanya mtu mmoja atupwe nje ya kilabu cha pombe humfanya mwingine aongezewe kibuyu. Tofauti haimo katika maneno bali katika uhusiano wa anayesema na anayesemwa. Nchini Tanzania kibali hicho kina taasisi yake kamili, yaani utani. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwamba utani wa namna hii huzaliwa pale ambapo watu wawili wanaunganishwa na wakati huohuo wanatenganishwa: wanahitajiana, lakini kila mmoja ana sababu ya kumwogopa mwenzake. Miaka minne baadaye R. E. Moreau alichapisha uchunguzi wake juu ya utani wa makabila ya Tanganyika, na katika miaka ya 1970 Stephen Lucas wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliendeleza kazi hiyo kwa kukusanya maelezo ya utani kutoka sehemu mbalimbali za nchi. Mara nyingi chanzo kinachotajwa ni vita au safari za misafara ya biashara. Wangoni na Wahehe walipigana vikali kuanzia mwaka 1878 hadi miaka ya mwanzo ya 1880. Leo wanatukanana kwa furaha. Waliowahi kuuana wamepata ruhusa ya kutukanana, na ruhusa hiyo ni aina ya mkataba wa amani usiohitaji karani.

Mkataba huo una masharti. Mtani hakasiriki. Mtani hulipa anapotozwa faini ya mzaha, iwe ni kuku au soda. Mtani hujibu, tena inatarajiwa ajibu vizuri kuliko alivyoanzwa. Sharti hili la mwisho ndilo kiini cha mambo yote, kwa sababu utani usiojibika si utani tena. Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Katika utani halali mkuki hupita mkono huu ukarudi mkono ule, na kila mmoja hupata zamu ya kuuonja.

Ndani ya familia za Kikurya kibali hugawanywa kwa vizazi. Malcolm Ruel, aliyefanya utafiti kwa Wakurya katika miaka ya 1950, aliandika mwaka 1962 kuhusu mfumo wao wa matabaka ya vizazi, ambao una mizunguko miwili yenye majina manne kila mmoja: Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina upande mmoja, Abachuuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi upande mwingine. Mtoto huingia katika tabaka linalofuata lile la baba yake, na mzunguko ukiisha huanza upya. Kati ya baba na mwana kuna heshima na umbali. Kati ya mkwe na mkwe kuna haya kubwa zaidi, kiasi kwamba hata njia hukwepwa. Kati ya babu na mjukuu, kinyume chake, mlango wa mzaha uko wazi. Bibi humwita mjukuu wake wa kiume mume wake, akamlaumu mbele ya watu kwamba amemtelekeza na hata sukari hamletei. Mjukuu naye hujibu kwamba mke mwenye meno mawili hastahili sukari. Mzee hapati kashfa, mtoto hapati kiboko, na humohumo ujumbe umefika kwa wazazi waliokaa pembeni kimya: nyumbani kwa bibi sukari imekwisha.

Hapo panaonekana faida ya kwanza ya kejeli, nayo ni kupitisha habari pale ambapo adabu imefunga njia. Bibi hawezi kumdai mkwewe wa kike sukari moja kwa moja bila kuanzisha ugomvi wa nyumba nzima. Akimdai mjukuu wa miaka saba, deni humfikia mwenyewe bila kutajwa.

Ufundi unapotoka nyumbani na kwenda hadharani, humpata bingwa wake katika mpiga ritungu. Ritungu ni kinanda kikubwa cha Wakurya chenye nyuzi nane na sanduku la sauti lililofunikwa kwa ngozi. Mlio wake ni mzito na wa kukwaruza, na mpigaji huketi anapokipiga. Wachezaji husogea mbele yake wakitikisa mabega na shingo, wengine wakiwa wamevaa viatu vya mbao vyenye soli nene vinavyowaongezea kimo. Mpigaji ndiye mwimbaji, na mwimbaji ndiye mwandishi wa habari, mwanahistoria na hakimu wa sherehe. Hutaja koo, husifu waliotoa, huwakumbuka waliokufa, na kati ya sifa na kumbukumbu hupenyeza kisu.

Namna anavyokipenyeza inafaa kutazamwa kwa karibu. Tuseme kuna mtu aliyeahidi fahali kwa ajili ya arusi ya mtoto wa kaka yake, akaja na mbuzi. Mwimbaji asiyejua kazi angemtaja jina na kumwita bahili; angepata ugomvi na arusi ingeharibika. Fundi huanza mbali. Huanza na babu wa mtu huyo, aliyekuwa na zizi lisilohesabika. Hupita kwa baba, ambaye maziwa ya kwake yalinywesha kijiji. Mtu anayesifiwa ukoo namna hiyo hujikuta amenyoosha mgongo, na watu wamemtazama. Hapo mwimbaji hufika kwenye fahali. Husifu pembe zake, husifu kwato zake, kisha hustaajabu juu ya jambo moja dogo tu: kwamba fahali huyo ana sauti nyembamba sana, kiasi kwamba wageni waliokuwa mbali walidhani ni mbuzi. Kicheko kikilipuka, jina halijatajwa na tusi halijatamkwa. Mwenye mbuzi ana njia mbili. Anaweza kununa, na akinuna amekiri. Au anaweza kucheka, akainuka akicheza, akaweka noti kwenye paji la uso la mwimbaji. Wengi huchagua njia ya pili, na noti ile, ingawa inaitwa tuzo, ni faini iliyolipwa bila baraza kuitishwa.

Mfano huo una zana zote kuu za kejeli. Ya kwanza ni sifa iliyogeuzwa, ambapo mtu hupandishwa juu ili anguko lake lionekane. Ya pili ni kuchelewesha: neno linalochoma huja mwisho, baada ya wasikilizaji kujenga matarajio. Ya tatu ni kujifanya mjinga. Mwimbaji hasemi kwamba ni mbuzi, wageni ndio waliodhani. Ya nne ni kuacha nafasi, kwa maana hitimisho halitamkwi na mwimbaji bali hukamilishwa kichwani mwa kila msikilizaji, na kila anayecheka amekuwa shahidi. Zana hizi si za Mara peke yake. Jonathan Swift alizitumia mwaka 1729 alipoandika, kwa sauti ya mtaalamu mpole wa uchumi, pendekezo kwamba maskini wa Ireland wauze watoto wao waliwe na matajiri. Hakuwatukana wenye mashamba. Alifuata hesabu zao hadi mwisho, akawaacha wasomaji waone zilikokuwa zikielekea. Mpiga ritungu na kasisi wa Dublin wasingeelewana lugha, lakini kila mmoja angetambua kazi ya mwenzake.

Kicheko kichungu huhitaji mkono mtulivu zaidi, kwa kuwa hapo anayechekwa si bahili bali ni msiba wenyewe. Katika sehemu nyingi za Tanzania mtani ana kazi rasmi msibani. Wakati ndugu wa marehemu wamezama katika kilio, yeye huigiza mwendo na sauti ya marehemu, hujilaza kwenye kaburi lililochimbwa na kukataa kutoka mpaka alipwe, hudai deni ambalo marehemu hakuwahi kukopa. Mgeni hushangaa kuona watu wakicheka wenye macho mekundu. Wenyeji wanajua kwamba mtu mmoja lazima asimame nje ya huzuni ili shughuli iende: kaburi lichimbwe, wageni wale, mjane anywe hata uji. Tarime mjini na Mugumu leo kuna walimu, askari, wauguzi na wafanyabiashara waliotoka kila pembe ya nchi, nao wamehamia na utani wa kwao; ndiyo maana katika msiba mmoja wa mjini mtu aliyetoka mbali anaweza kupata mtani wa kumzika hata kama hana ndugu karibu.

Nje ya msiba, kicheko kichungu hufuata mambo yanayotisha, na Tarime kwa miaka mingi jambo hilo lilikuwa wizi wa mifugo. Michael Fleisher, aliyefanya utafiti wilayani humo katika miaka ya 1990, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2000 kwamba wizi huo ulikuwa umegeuka biashara yenye silaha za moto na masoko ya kuvuka mpaka, tofauti na uvamizi wa zamani wa vijana waliotafuta mahari. Mapigano ya koo yalifuatana nao, na serikali ikaunda kanda maalumu ya polisi ya Tarime na Rorya. Katika hali hiyo mzaha huvaa sura ya utaratibu wa serikali. Ng'ombe hupewa uraia: aliyelala Sirari akaamka Isebania, ng'ambo ya mpaka, husemwa kwamba ameenda kusalimia shangazi, kwamba yeye ndiye mwanachama halisi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki kwa sababu huvuka bila kugongewa muhuri. Anayesema hivyo huenda ndiye aliyeibiwa. Mzaha haumrudishii ng'ombe, ila humrudishia kitu kingine, yaani nafasi ya kusimulia habari yake mwenyewe badala ya kuwa mtu wa kuhurumiwa. Zaidi ya hapo, huwezesha jambo kuzungumzwa. Mahali ambapo mwizi anaweza kuwa jirani, mpwa au mtu mwenye mkono mrefu, kumtaja ni hatari. Kumtaja ng'ombe anayependa safari hakuna hatari, na wote waliopo wanajua nani amekuwa akimsindikiza.

Nyamongo, ndani ya wilaya hiyohiyo, dhahabu imezaa kejeli ya aina nyingine. Mgodi wa North Mara ulianza uzalishaji mwaka 2002, ukaingia mikononi mwa kampuni ya Barrick mwaka 2006, na tangu makubaliano ya mwaka 2019 serikali ina asilimia 16 ya hisa. Mashimo ya Nyabirama na Gokona yamezungukwa na vijiji vya watu waliokuwa wakilima na kuchimba kwa mikono kabla ya mitambo kufika. Mgodi unapotaka kupanuka, ardhi hufanyiwa tathmini na wenye mali hulipwa fidia. Kutokana na utaratibu huo kumezuka ujenzi ambao wenyeji wanauita tegesha. Penye fununu ya tathmini, nyumba huota haraka haraka, zimeezekwa mabati, hazina sakafu na hazina mtu ndani. Mazao hupandwa yakisongamana kuliko shamba lolote la mkulima mwenye akili timamu. Nyumba hizo hazingojei mpangaji bali mthamini.

Wachumi huona hapo udanganyifu, na maofisa huona kero. Mtazamaji wa fasihi huona kejeli iliyojengwa kwa miti na mabati. Nyumba ya tegesha hufuata hoja ya mthamini hadi mwisho wake, kama Swift alivyofuata hoja za wenye mashamba: ikiwa thamani ya makao ya mtu ni jumla ya paa, kuta na miti iliyohesabiwa kwenye fomu, basi hizi hapa paa, kuta na miti. Jina lenyewe halina aibu, kwa kuwa wanaolitumia ni waliojenga na wasiojenga pia. Limebeba mashtaka ya pande mbili, dhidi ya tamaa ya mwenye nyumba tupu na dhidi ya mfumo uliomfundisha kwamba nyumba tupu inalipa. Kejeli nzuri mara nyingi hukata pande zote mbili, na anayeitoa huwa haachwi salama.

Upande wa Serengeti mzaha umemwangukia tembo. Vijiji vilivyo karibu na hifadhi na mapori ya akiba hulima mahindi, mtama na pamba kando ya wanyama ambao kisheria ni mali ya umma. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 na kanuni zilizotungwa chini yake mwaka 2011 ziliweka malipo kwa walioathirika. Malipo ya mazao yanaitwa kifuta jasho, na ya mtu aliyejeruhiwa au kuuawa kifuta machozi. Katika kanuni hizo za 2011 uhai wa mtu uliwekewa shilingi 1,000,000. Shamba lilihesabiwa kwa ekari, zisizozidi tano, na kiwango kilipanda kadiri shamba lilivyokuwa mbali na mpaka wa hifadhi. Lililokuwa ndani ya mita 500 halikulipwa kitu.

Mantiki ya kanuni hizo inaeleweka: serikali haikutaka kuwatia watu moyo wa kulima mlangoni mwa tembo, na iliepuka kwa makusudi neno fidia lenye wajibu mkubwa wa kisheria. Lakini hakuna mwandishi wa tashtiti angeweza kutunga majina makali zaidi ya yale yaliyotungwa kwa nia njema ofisini. Mkulima aliyelala kwenye dungu usiku kucha akipiga debe, na asubuhi akakuta ekari mbili zimelala, hahitaji kuongeza chumvi. Humtosha kusoma kanuni kwa sauti. Kama ana kipaji, huuliza kama tembo naye amepewa futi kamba ili ajue mita 500 zinaishia wapi. Au hushauri machozi yapimwe kwa lita kabla ya kufutwa, ili kusiwe na mtu atakayezidishiwa. Swali la futi kamba linabeba hoja ileile iliyomo katika barua za malalamiko za kurasa nne, ila lenyewe husimuliwa sokoni Mugumu, hurudiwa kwenye basi la Musoma, na linaweza kumfikia diwani kabla ya barua kupigwa muhuri. Hiyo ni faida ya pili ya kejeli: hugeuza kilio cha mtu mmoja kuwa hoja inayokumbukwa na wengi.

Siasa nazo hazikosi. Wakurya wengi wanapozungumza Kiswahili hutamka r mahali pa l, na wachekeshaji wa nchi nzima wamekuwa wakiwaigiza kwa sababu hiyo. Wajanja wa Mara wameigeuza dhihaka hiyo kuwa mtaji wao. Katika matamshi ya huko, kula na kura ni neno moja, na wakati wa uchaguzi utani huo hauhitaji kuelezwa: mgombea anapoomba, msikilizaji anaweza kumjibu kwamba amemsikia vizuri, na kwamba hilo ndilo wamekuwa wakilifanya wenzake waliotangulia. Anayechekwa kwa lafudhi yake amechukua silaha hiyohiyo akaielekeza kwa mkubwa. Hapo panaonekana ukomavu wa ufundi, maana kujicheka mwenyewe ndiyo leseni ya kuwacheka wengine.

Hata hivyo, kejeli si jambo jema kwa asili yake. Mzaha mzaha hutumbua usaha, na Mara inao ushahidi. Msichana wa Kikurya asiyekeketwa huitwa msagane, na jina hilo hutumika kama fimbo. Huimbwa kwenye nyimbo za msimu wa tohara, hunong'onwa kisimani, hutupwa na wenzake shuleni. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998 ilipiga marufuku ukeketaji wa wasichana walio chini ya miaka 18. Pamoja na hayo, utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 32 ya wanawake wa Mara wamekeketwa. Miongoni mwa nguvu zinazoendeleza mila hiyo, dhihaka si ndogo. Msichana wa miaka kumi na miwili anaweza kuelewa vizuri somo la afya, lakini hana jibu mbele ya umati unaomcheka. Ni vivyo hivyo kwa mzaha unaosambaa nchi nzima kwamba mwanamke wa Kikurya asipopigwa hujiona hapendwi. Anayeusimulia huuona utani wa kabila. Anayepigwa hupoteza hata haki ya kulalamika, kwa kuwa kilio chake kimekwisha kutafsiriwa kuwa mahaba.

Tofauti kati ya dhihaka hii na ile ya mpiga ritungu haimo katika ukali. Mwenye mbuzi alichomwa vikali vilevile. Yeye alikuwa na zizi, sauti, na haki ya kuinuka na kujibu, na kosa lake lilikuwa tendo alilochagua. Msagane amechekwa kwa mwili wake, na waliomzunguka wamekubaliana asijibu. Kwa hiyo kipimo cha kejeli si kama inauma. Kipimo ni nani anaumizwa, kwa kosa gani, na kama ameachiwa zamu yake.

Walioamua kuwatetea wasichana hao wameelewa kwamba dhihaka haishindwi kwa hotuba peke yake. Kituo cha Masanga wilayani Tarime huwapokea wasichana katika msimu wa ukeketaji na kuwapa mafunzo yanayochukua nafasi ya mila, na Mugumu kuna nyumba salama iliyoanzishwa na Rhobi Samwelly, ambayo kazi yake ilionyeshwa katika filamu ya mwaka 2018. Katika kazi ya aina hii nyimbo na maigizo vina nafasi kubwa. Msichana akimwigiza ngariba anayehesabu pesa kabla ya kuhesabu watoto, au baba anayeona ng'ombe wa mahari mahali pa binti, mkuki umegeuzwa. Aliyekuwa akichekwa ndiye anayechekesha, na wanaocheka ni walewale waliokuwa wakiimba.

Nje ya Mara, ufundi huuhuu umehamia kwenye kalamu. Shaaban Robert aliijenga nchi ya Kusadikika mwaka 1951 ili aishtaki serikali isiyosikiliza bila kuitaja ya kweli. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa kisiwa cha Ukerewe, aliandika Kaptula la Marx katika miaka ya 1970, ambamo kiongozi amevaa kaptula isiyomtosha. Tamthilia hiyo ilikaa muda mrefu bila kuchapishwa hadi mwaka 1999. Katuni ya Chakubanga, iliyochorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, iliwachekesha Watanzania enzi za Ujamaa ndani ya gazeti la chama tawala chenyewe. Baadaye wakaja wachora katuni Gado, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyejijengea jina Nairobi kuanzia 1992, na Masoud Kipanya, ambaye mhusika wake panya husema yale ambayo wahariri wanasita kuyaandika.

Ila kalamu ina tatizo ambalo mtani wa kijijini hana. Kibali cha utani kinatolewa na uhusiano unaojulikana, na wote waliopo ni mashahidi wa masharti yake. Mchoro wa gazetini au video ya simu humfikia mtu asiye mtani wa yeyote, naye ana sheria mkononi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 hazikuacha mlango kwa ajili ya mtani. Mwaka 2020 mchekeshaji Idris Sultan alikamatwa baada ya kusambaza video akiangua kicheko mbele ya picha ya zamani ya Rais wa wakati huo, John Magufuli.  Mila za utani zilikwisha kutatua zamani swali la mkubwa anayechekwa, kwa kuamua kwamba mkubwa asiyestahimili mzaha hupungukiwa ukubwa wake. Sheria za kisasa bado hazijafika hapo.

Kwa hiyo thamani ya kejeli na kicheko kichungu katika jamii ni ya kazi zinazohesabika. Hupitisha habari pale ambapo adabu au woga umefunga njia. Hutoza faini ndogo kwa makosa ambayo baraza na mahakama hazina muda nayo. Humsaidia mfiwa na aliyeibiwa kubaki msimulizi wa maisha yake. Hugeuza kanuni zisizosomwa kuwa swali ambalo kila mtu analiuliza. Na hujaribu uvumilivu wa wenye nguvu bila kumwaga damu, jambo lenye uzito katika wilaya ambazo damu imewahi kumwagika kwa sababu ndogo kuliko mzaha. Kwa kazi hizo zote unahitajika fundi: mtu anayejua ukoo wa anayemsema, anayeweza kuchelewesha neno mpaka saa yake, aliyezoea kujicheka kwanza, na ambaye akimaliza kuchoma huketi chini kungoja jibu. Asiyetaka kujibiwa aiache kazi hiyo kwa wengine.